Otomatiki iliyochoka na tela la tani mbili: njia nne, ipi ya kwako?

Fundi aliishusha sampu, lile bakuli la mafuta lililo chini ya gia boksi, polepole, akailaza juu ya katoni, akachomoa sumaku moja na kuifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki na ute wa kijivu, laini kama masizi yaliyokandwa na grisi. Ndani ya ute kulikuwa na vipande vyeusi vyembamba, mfano wa majani ya chai.

"Bosi, sogea unuse."

Nikanusa. Harufu ya maandazi yaliyosahaulika kwenye mafuta.

"Huo ute usikutishe, gari la kilomita laki nne lazima liwe nao. Hivi vyeusi ndivyo vya kuvilia. Gia yako ya tatu imo humu kwenye kitambaa."

Gari lenyewe ni Land Cruiser VX ya 1996 iliyotoka Japani, ile HDJ81, injini ya dizeli 1HD-FT ya lita 4.2 yenye turbo, na gia boksi la otomatiki A442F la gia nne. Dashibodi inasoma kilomita 412,000. Kazi yake ni kuvuta jenereta la kVA 60 lililofungwa juu ya tela: harusi Mbezi, sendofu Kigamboni, kipaimara Tabata. Ukijumlisha tela, nyaya na dizeli iliyomo ni tani 2 hivi, na gari lenyewe ni tani 2 na ushee. Ndani ya Dar lilivumilia miaka. Kilichoniumbua ni tenda ya Iringa.

Ruaha Mbuyuni tulipita salama, tukanunua na vitunguu. Kwenye mlima wa Kitonga ndiko mambo yalikoharibika. Mbele yangu lori la kontena linapanda mwendo wa kinyonga, nyuma yangu jingine, bonde ubavuni. Nikikanyaga mafuta, mshale wa raundi unaruka mpaka 3,000 na gari haliongezi hata hatua. Halafu ikaja ile harufu. Niliegesha palipokuwa na upenyo, nikaweka pembetatu na matawi ya mti barabarani kama desturi yetu, nikakaa saa nzima nikisikiliza chuma kinavyolia kikipoa.

Baada ya hapo nilisumbuka na swali moja kwa miezi, na pesa yangu ikapita kwenye njia mbili kabla sijatulia. Njia ziko nne: kulibakiza boksi lako kwa mafuta mapya na rejeta ya ziada, kununua boksi la mtumba, kulifanyia ovahoo boksi lako (kulifungua na kulijenga upya), ya kawaida au ya kuliimarisha, au kuachana na otomatiki na kufunga manyuali, yaani gia ya mkono. Nitazilinganisha kwa mtu anayevuta kitu kizito, iwe jenereta, boti au tangi la maji. Anayeendea kanisani tu na sokoni hahitaji nusu ya haya.

Boksi linakufaje

Wengi wanadhani uzito wa tela ndio unaovunja gia. Mara chache. Otomatiki huuawa na joto.

Kati ya injini na boksi kuna konveta, dude la duara kama boga, limejaa mafuta. Injini inayakoroga mafuta hayo, nayo yanausukuma upande wa boksi. Ni kama kusonga ugali wa watu hamsini: mwiko unazunguka, jasho linakutoka, na unga ndio kwanza unaanza kusogea. Nguvu inayopotelea hapo inageuka joto. Gari likishashika mwendo, klachi iliyomo ndani ya konveta, mafundi wanaiita lokap, inazishikanisha pande mbili. Kukoroga kunakoma na joto linashuka.

Ndiyo maana Chalinze hadi Morogoro kwa kilomita 80 kwa saa si kitu, lakini Ubungo hadi Kimara saa kumi na moja jioni ni adhabu. Kitonga ndiyo usiseme: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, lokap imeachia muda wote, na upepo wa kupoza rejeta hakuna.

Mafuta ya gia yanafurahi kwenye nyuzi 80 hivi. Kanuni ya mkononi ya mafundi wa otomatiki ni kwamba kila ukiongeza nyuzi 10 au 11 juu ya hapo, umri wa mafuta unakatika nusu. Yakizidi 115 yanaanza kuacha utando kama vanishi kwenye vali. Yakifika 130 sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu, presha inavuja, plate za klachi zinazoshika gia ndani ya boksi zinakosa wa kuzibana, zinateleza, na kuteleza kunazaa joto jingine. Ukishaingia kwenye mduara huo, boksi huhesabu siku.

Usitoe pesa kabla ya kupima

Vipimo vitatu havigharimu kitu. Chomoa dipstiki injini ikiwa imewaka na mafuta yamepata moto, udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Mekundu ni mazima, kahawia yamechelewa, meusi yenye harufu ya kuungua yanakwambia plate zimeshaliwa. Yakiwa na rangi ya faluda, simama hapo hapo, usiwashe tena: rejeta imetoboka kwa ndani na maji yameingia kwenye gia. Hapo hata boksi jipya litakufa usipobadili rejeta.

Cha pili, mwambie fundi aangalie kebo inayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye boksi. Kwenye A442F kebo hii ndiyo inayoliambia boksi umekanyaga kiasi gani, ili liongeze presha ya kubana klachi. Ikilegea, unavuta tani 2 kwa presha ya mtu anayekwenda kununua mkate. Nimeona gari lililokuwa limeshaandikiwa ovahoo likapona kwa spana mbili na dakika kumi.

Cha tatu ni kubana breki zote, kuweka D na kukanyaga mafuta mpaka chini kwa sekunde zisizozidi 5, mtu yeyote asiwe mbele ya gari. Raundi zikipanda kupita kiwango cha kitabu cha gari, kuna klachi inateleza. Zikigoma kufika, injini imechoka au konveta ina ugonjwa ndani. Usirudie rudie, kipimo hiki chenyewe ni jiko.

Njia ya kwanza na ya pili, bega kwa bega

Nazilinganisha pamoja kwa sababu ndizo zinazogombania mfuko wa mtu mwenye haraka.

Kubakiza boksi lako kunafaa kama halitelezi bado: linachelewa kidogo kuingia gia asubuhi, mafuta ni kahawia, sumaku zina ute tu bila vipande. Unabadili mafuta na chujio, unafunga rejeta ya gia ya nje, unaweka geji ya joto. Unalala na gari lako siku hiyo hiyo. Kwa bei, hakuna njia inayoikaribia.

Mafuta yenyewe: ukifungua nati ya sampu kwenye boksi hili hutoka kama lita 6 kati ya 15, zilizobaki zimejificha kwenye konveta na paipu. Kwa hiyo ni kumwaga, kujaza, kuendesha siku chache, kumwaga tena, mara tatu. Mashine ya kusukuma mafuta kwa presha siipendi kwa boksi kuukuu. Inang'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye tundu za vali. Mtaani wanasema mafuta mapya yanaua boksi la zamani. Mara nyingi boksi lilikuwa limeshakufa, mafuta mapya yakaitwa kwenye msiba. A442F linataka aina ya Dexron. Ukiuziwa ya CVT, otomatiki ya aina nyingine, kwa maneno kwamba "yote ni ATF bosi", yaani yote ni mafuta ya otomatiki, ondoka.

Rejeta ya gia ndiyo spea niliyoichelewa kuliko zote. Ile ya kiwandani imo ndani ya rejeta ya maji, maana yake mafuta ya gia hayawezi kupoa kuliko maji ya injini, na Kitonga maji yenyewe yanachemka. Tafuta ya vibamba vilivyopangwa, zile za bomba lililokunjwa hazipozi vizuri kama hizo. Ifungwe mafuta yakitoka kwenye rejeta ya maji, yaani yapite kwanza huko, kisha ya nje, ndipo yarudi kwenye boksi. Kuna vali ya thermostati inauzwa pamoja nazo. Hiyo ni ya nchi zenye theluji, Dar haina kazi. Na usimruhusu fundi aishikilie kwa zile tai za plastiki zilizochomekwa katikati ya kondensa ya AC. Mtikisiko unasugua, baada ya miezi huna AC, na pengine huna mafuta ya gia pia. Achomelee mabano kwenye fremu. Mpira uwe wa mafuta ya moto, usiwe wa petroli, klipu mbili kila upande.

Sasa boksi la mtumba. Linavutia kwa sababu moja nzuri: gari linarudi barabarani baada ya siku mbili. Linatoka kwenye gari lililokatwa Japani au lililopitia Dubai, na ukizunguka Gerezani na Shauri Moyo hukosi mtu wa kukupigia simu. Hii ndiyo njia niliyoianza, nilikuwa na harusi nne mwezi ule.

Boksi lilikuwa limeoshwa kwa petroli na kupuliziwa rangi ya fedha, linang'aa kama sufuria ya bi harusi. Muuzaji alinipa gwarantii ya siku tatu. Siku tatu! Otomatiki mbovu inaweza kujikaza wiki mbili ikiwa haijapata mzigo. Langu lilikaa siku arobaini, halafu rivasi ikapotea nikiwa nimeingiza tela kwenye uchochoro wa Sinza, na wageni wanaingia ukumbini. Tulilisukuma jenereta kwa mikono, mimi, dereva, na wapishi wawili waliovaa aproni.

Kwa haki, sijui kama kosa lote ni la duka. Fundi aliyelifunga hakusafisha paipu za mafuta wala rejeta, na boksi lililokufa lilikuwa limeacha vyuma na unga wa klachi mle ndani. Huenda nililisha boksi zima makombo ya marehemu. Ukienda njia hii, paipu zisafishwe na rejeta ya gia iwe mpya. Sampu ifunguliwe dukani mbele yako kabla ya pesa, liwe na konveta yake, na namba kwenye kibati isome kama ya lako. A442F la injini ya petroli linafanana sana na la dizeli kwa macho, lakini pua yake, ile sehemu inayofungwa kwenye injini, haikai kwenye 1HD.

Boksi la mtumba la miaka hiyo ni boksi jingine la kilomita laki mbili au tatu ambalo hujui historia yake. La kwako angalau dhambi zake unazijua. Kwa gari lisilovuta, sawa. Kwa tela, ni kununua muda. Na ukiling'oa la kwako, lirudishe nyumbani. Gereji nyingine boksi lako bovu ndiyo faida yao, na mimi nusura niliache.

Ovahoo: ya kawaida au ya kuimarisha?

Ovahoo ya kawaida ni kulifungua boksi lote, kubadili sili, oringi, gaskiti na plate za klachi, kupima bushi, kusafisha valvu bodi (kipande chenye vali zinazoelekeza mafuta), na kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Tatizo ni kwamba lilivyotoka kiwandani halikufikiria jenereta langu. Pia mafundi wengi wa mjini watafanya yote hayo kisha warudishe konveta ile ile, wameimwagia petroli na kuitikisa. Konveta haifunguliwi kwa spana. Inakatwa kwa mashine, inafanyiwa kazi ndani, inachomelewa upya na kusawazishwa. Ikirudi na uchafu wake, umeoga na kuvaa nguo chafu.

Ovahoo ya kuimarisha inaongeza mambo mawili makubwa. Konveta inakuwa na lokap yenye eneo kubwa zaidi la kubana, ikiwezekana ya plate zaidi ya moja, na kukoroga kwake kunapungua kwenye raundi za chini ambako dizeli ina nguvu. Valvu bodi inarekebishwa ili presha iwe juu na gia zibane haraka. Utaisikia: gia inaingia kwa kishindo kidogo, mke wangu aliuliza kama gari limeharibika tena. Ule ulaini wa zamani wa gia kubadilika bila kujua ulikuwa ni klachi zinateleza kwa adabu.

Vifaa hivi kwa A442F vinapatikana Australia, ambako watu wanavuta nyumba za magurudumu na Land Cruiser hizi hizi jangwani. Hapa Dar utaagiza, utasubiri wiki, utalipa usafiri na ushuru, na konveta ni chuma kizito. Ndiyo njia ghali kuliko zote kama unabaki na gari hilo hilo. Kuna pia swichi ya kulazimisha lokap, dereva anaiwasha akipanda mlima. Ni nzuri kwenye konveta iliyoimarishwa. Kwenye ya kiwandani iliyokwisha kuzeeka, unaibebesha klachi nyembamba mzigo ambao haikuumbiwa.

Onyo moja hapa, maana vijana wanalipenda kosa hili: usifungulie pampu ya dizeli imwage zaidi wala usiongeze bust (presha) ya turbo kabla ya boksi kuimarishwa. Injini ya 1HD inakubali kuongezwa nguvu kwa furaha. Boksi ndilo linalolipa.

Manyuali: ushauri wa kila mzee wa gereji

"Kijana wangu, toa huo ugonjwa, weka gia ya mkono." Nimeambiwa hivi mara ngapi sijui. Na hawajakosea. Boksi la H151F la gia tano lilifungwa kiwandani kwenye injini za 1HD, ni pande la chuma, kila fundi kuanzia Mbagala hadi Tunduma analijua. Halina konveta, kwa hiyo halina joto la kukoroga. Likiteremka Kitonga na mzigo, injini inashika gari vizuri kuliko otomatiki.

Ila kubadili si kung'oa na kuchomeka. Unahitaji flaiwili, klachi nzima, pedeli zake, pampu ya juu na ya chini ya klachi, mkono na mlango wake sakafuni, propela ipimwe upya, na waya za swichi ya P na N zidanganywe ili gari likubali kuwaka. Kama unapata gari zima la kukatwa, sawa. Ukikusanya kimoja kimoja, utakaa gereji miezi.

Halafu kuna foleni. Ukiwa na tela la tani 2 kwenye mwinuko wa kuingia daraja la Kijazi pale Ubungo, unatoka na kusimama mara sitini, klachi ndiyo inayoungua badala ya konveta. Otomatiki ina zawadi moja ambayo wazee wanaisahau: wakati wa kuondoka, konveta inaikuza nguvu ya injini karibu mara mbili. Ndiyo maana wanaovuta boti kutoka majini Kunduchi hawataki kusikia habari za klachi. Gari linatambaa tu na boti inapanda. Kama wewe ni mtu wa boti, funga mjadala, baki na otomatiki.

Na nani anaendesha? Mimi kazi nyingi anaendesha dereva wa siku. Otomatiki anaweza kuiua kimya kimya kwa kupanda mlima na gia ya nne, huku kitufe cha O/D, kinachoizuia gia hiyo ya nne, kipo hapo kwenye mkono. Klachi anaiua kwa kuweka mguu juu yake tangu Mwenge hadi Tegeta. Tofauti ni bei ya msiba: klachi nabadilisha Jumamosi na Jumapili nipo kazini.

Kwa hiyo, kwa anayepanda milima kila wiki, Mbeya, Iringa, Lushoto, manyuali ina hoja nzito kuliko zangu zote. Kwa kazi ya ndani ya Dar na safari ya mkoani mara moja moja, sioni sababu. Na kama huna gari bado, au hili lako bodi limeoza, hesabu kwanza bei ya ovahoo ya kuimarisha dhidi ya nyongeza ya kuhamia kwenye VX mpya kidogo yenye boksi la gia tano, A750F. Gia zake zimekaribiana, haliangukii mbali likishuka gia mlimani.

Nilipotua

Nililichukua lile boksi langu la zamani lililokuwa limelala stoo chini ya magunia, likafanyiwa ovahoo, nikaagiza konveta na vifaa vya valvu bodi. Rejeta ya maji mpya, rejeta ya gia mbele ya kondensa, kisoma joto kwenye paipu inayotoka kwenye boksi, maana hapo ndipo mafuta yanapokuwa ya moto kabisa. Ukikifunga kwenye sampu kitakusomea kidogo, kitakubembeleza. Wiki saba gari halikufanya kazi, na jenereta nililikodishia gari la mtu.

Kwa dereva nimeandika kwa maka peni juu ya dashibodi: TELA = O/D OFF. FOLENI IMESIMAMA = N NA HENDIBREKI. GEJI 110 = PAKI, INJINI IUNGURUME, USIZIME. Hilo la mwisho wanalikosea sana. Ukizima injini, pampu ya boksi inasimama na mafuta ya moto yanabaki yalipo.

Mwezi uliopita tulirudi Iringa na mzigo ule ule. Ndani ya jiji geji ilicheza kati ya 85 na 95. Kitonga nilishusha hadi gia ya 2 tangu chini, nikaacha malori yanipite, ikapanda pole pole mpaka 108 kwenye kona ya mwisho. Nilisimama Ilula kwenye nyanya, injini ikiunguruma. Mama muuzaji alikuwa bado ananihesabia chenji ikasoma 91.